SOMO LA SAYANSI: MOTO UNAKULA NINI?

Ndugu msomaji, kila siku unawasha moto. Unapika ugali, unachemsha maji, unaota moto wakati wa baridi. Umeujua moto tangu utoto. Lakini mtu akikuuliza, "Moto ni kitu gani?" utamjibu nini? Kuni zikiungua zinakwenda wapi? Kwa nini gunia zima la mkaa linabakiza majivu kidogo tu? Na kwa nini jiko la mkaa lisilotoa moshi hata kidogo linaweza kuua watu waliolala ndani ya nyumba?

Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Katika sehemu zenye baridi, kama Njombe, Mbeya na Iringa, miezi ya Juni, Julai na Agosti watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Mahali pengine jiko huwekwa chumbani kwa mama aliyejifungua. Watu wamekufa kwa njia hii. Asubuhi wanakutwa wamelala, hawana jeraha, mlango umefungwa kwa ndani. Majirani husema wamerogwa. Hapana. Sababu inajulikana, na kila mtu anayejua kusoma anaweza kuielewa.

Lakini ili tuielewe, lazima tuanze mwanzo. Somo hili lina sehemu 6. Soma pole pole. Ukichoka, pumzika, halafu endelea.

1. VITU VYOTE VIMEJENGWA KWA ATOMI

Chukua kipande cha mkaa. Kivunje mara mbili. Chukua nusu moja, nayo uivunje mara mbili. Endelea hivyo hivyo. Baada ya muda mfupi utabaki na unga tu, na vidole vitashindwa. Lakini fikiri kwamba unacho kisu kikali sana na macho makali sana, ukaendelea kukata. Mwisho utafika kwenye chembe ndogo ambayo huwezi kuikata tena ikabaki mkaa. Chembe hiyo inaitwa atomi. Atomi za mkaa zinaitwa atomi za kaboni.

Atomi ni ndogo mno. Ukizipanga atomi za kaboni katika mstari mmoja, utahitaji mamilioni ya atomi ili upate urefu wa milimita 1 tu.

Je, kuna aina ngapi za atomi? Mpaka sasa wataalamu wanajua aina 118. Kila aina inaitwa elementi. Chuma ni elementi. Shaba ni elementi. Dhahabu ni elementi. Kaboni, oksijeni na haidrojeni ni elementi pia.

Sasa utauliza: "Mbona duniani kuna vitu vingi kuliko 118? Kuna maziwa, sukari, udongo, damu, mbao, mafuta ya taa. Vyote hivyo vimetoka wapi?"

Jibu unalo wewe mwenyewe, maana umejifunza kusoma. Herufi za Kiswahili ni chache. Lakini kwa herufi hizo chache tunaandika maneno maelfu na maelfu. Atomi ni kama herufi. Zikiungana zinafanya kitu kipya, kama herufi zinavyoungana zikafanya neno. Kundi la atomi zilizoungana namna hiyo linaitwa molekuli.

Tazama neno MOTO. Ongeza herufi T moja tu, upate MTOTO. Herufi ni zile zile, imeongezeka moja tu, lakini maana imebadilika kabisa. Huwezi kumbeba moto mgongoni kwa kuwa jina lake linakaribia mtoto! Kumbuka mfano huu. Tutauhitaji tutakapofika kwenye jiko la mkaa.

2. ATOMI ZINAUNGANAJE?

Ndani ya atomi kuna nini? Katikati kuna kiini. Ndani ya kiini mna chembe ziitwazo protoni, na karibu kila mara mna nyutroni pia. Nje ya kiini kuna chembe nyepesi sana ziitwazo elektroni.

Protoni na elektroni zina chaji ya umeme. Umeiona betri ya tochi: upande mmoja una alama ya kujumlisha (+), upande mwingine una alama ya kutoa (-). Protoni ina chaji ya (+). Elektroni ina chaji ya (-). Chaji za namna mbili huvutana. Chaji za namna moja husukumana. Ndiyo maana elektroni hazitoroki ovyo: zinavutwa na kiini.

Idadi ya protoni ndiyo inayotambulisha atomi. Haidrojeni ina protoni 1. Kaboni ina 6. Oksijeni ina 8. Atomi ikiwa peke yake, idadi ya elektroni zake ni sawa na idadi ya protoni zake. Kwa hiyo chaji zinalingana.

Elektroni zimepangika katika matabaka. Tabaka la kwanza linachukua 2. Tabaka la pili linachukua 8. Atomi nyingi hutulia tabaka lao la nje likijaa. Lisipojaa, atomi hutafuta mwenzake.

Njia ya kwanza ya kuungana ni kushirikiana. Atomi mbili zinatumia elektroni kwa pamoja, kama majirani wawili wanavyochimba kisima kimoja mpakani. Kisima ni cha huyu na ni cha yule. Hakuna anayeweza kukihama.

Ili kurahisisha, tuseme kila atomi ina mikono ya kushikana. Haidrojeni ina mkono 1. Oksijeni ina mikono 2. Kaboni ina mikono 4. Hebu tujaribu sasa:

Oksijeni moja yenye mikono 2 inashika haidrojeni 2. Tumepata nini? Tumepata maji! Maji unayochota kisimani ni makundi ya atomi tatu tatu: haidrojeni 2 na oksijeni 1. Wataalamu huandika kwa kifupi H2O.

Kaboni moja yenye mikono 4 inashika oksijeni mbili, kila moja kwa mikono 2. Tumepata kaboni dayoksaidi, yaani CO2. Hii ni hewa unayoitoa mapafuni unapopumua. Ni hewa ile ile inayotoa mapovu katika soda.

3. CHUMVI NA IONI

Njia ya pili ya kuungana si kushirikiana. Ni mmoja kutoa na mwingine kupokea. Mfano mzuri ni chumvi ya chakula.

Chumvi imejengwa kwa elementi mbili: sodiamu na klorini. Sodiamu ni madini laini, unaweza kuyakata kwa kisu. Lakini ukiyatia majini yanachachamaa, hata yanaweza kuwaka moto. Klorini ni hewa ya rangi ya kijani na njano, nayo ni sumu. Katika vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1915, ilitumiwa kuua askari. Je, vitu viwili vibaya kama hivi vinawezaje kuwa chumvi tunayotia kwenye mboga?

Sodiamu ina elektroni 11: tabaka la kwanza 2, la pili 8, la nje 1. Hiyo moja ya nje inasumbua. Klorini ina elektroni 17: tabaka la kwanza 2, la pili 8, la nje 7. Ikipata moja tu itakuwa na 8. Basi sodiamu inaitoa ile moja, klorini inaipokea. Zote mbili zinatulia.

Lakini sasa hesabu imebadilika. Sodiamu imepoteza chaji moja ya (-), kwa hiyo imebaki na (+). Klorini imepata chaji moja ya (-), kwa hiyo imekuwa (-). Atomi iliyopoteza au kupata elektroni inaitwa ioni. Na kwa kuwa (+) na (-) huvutana, ioni hizo hushikamana. Hiyo ndiyo chumvi.

Ukiitia chumvi ndani ya maji, ioni zinaachana na kuenea majini. Huzioni, lakini ukionja utajua zipo. Ukiyakausha maji, zinashikamana tena, nayo chumvi inarudi. Kazi hii wazee wetu waliijua zamani. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1000. Hali kadhalika pwani, watu huacha maji ya bahari yakauke juani.

Hata majivu ya jikoni yana ioni. Ukiyachuja majivu kwa maji unapata yale maji makali ambayo akina mama huyatumia kulainisha maharage au mboga. Yana ioni za potasiamu. Potasiamu ilitoka ardhini, ikapanda mtini kwa njia ya mizizi. Moto haukuweza kuipeleka hewani, ndiyo maana imebaki katika majivu.

Jambo la kushika katika sehemu hii ni moja: atomi zikiungana, tabia yake inabadilika. Sumu inaweza kuwa chakula. Na sasa tutaona kwamba kitu kisicho na madhara kinaweza kuwa sumu.

4. MOTO NI NINI?

Zamani wataalamu wa Ulaya walifikiri kwamba kitu kikiungua kinatoa kitu fulani kilichojificha ndani yake. Walisema majivu ni mepesi kwa sababu hicho kitu kimetoka. Inaonekana kama kweli, si ndiyo? Lakini haikuwa kweli.

Mwaka 1774 Joseph Priestley wa Uingereza alichukua unga mwekundu wenye zebaki, akaupasha moto kwa kioo kinachokusanya mwanga wa jua. Ukatoa hewa. Alipoingiza mshumaa katika hewa hiyo, mshumaa uliwaka kwa nguvu sana. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameipata hewa hiyo kabla yake, ila habari zake zilichelewa kuchapishwa. Antoine Lavoisier wa Ufaransa akaichunguza zaidi. Yeye alitumia mizani. Alipima vitu kabla ya kuungua na baada ya kuungua, katika vyombo vilivyofungwa. Akaona uzito wote ukijumlishwa haupungui wala hauongezeki. Akaona pia kwamba kitu kinachoungua kinachukua sehemu ya hewa. Sehemu hiyo aliipa jina la oksijeni.

Kwa hiyo kuungua ni kuungana na oksijeni kwa haraka, pamoja na kutoa joto na mwanga.

Hewa tunayovuta si kitu kimoja. Kati ya sehemu 100 za hewa kavu, karibu 78 ni naitrojeni na karibu 21 ni oksijeni. Iliyobaki ni mchanganyiko wa hewa nyingine. Moto unakula hiyo oksijeni. Wewe nawe unavuta hiyo hiyo. Wewe na jiko lako mnakula sahani moja.

Sasa tupige hesabu. Mkaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kilo 12 za kaboni zikiungua vizuri, zinakula kilo 32 za oksijeni. Zinatoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi. 12 + 32 = 44. Hakuna kilichopotea! Mkaa wako haukuisha. Umeungana na oksijeni, ukapanda hewani, nawe huuoni. Majivu ni yale madini machache yaliyobaki.

Na kwa nini moto unahitaji kiberiti? Ili atomi ziungane upya, lazima kwanza ziachane na wenzake wa zamani. Kuachana kunahitaji nguvu. Kiberiti kinatoa nguvu hiyo ya kuanzia. Zikisha kuungana upya na oksijeni, zinatoa nguvu nyingi kuliko ile iliyotumika. Nguvu hiyo ndiyo joto linaloivisha ugali. Sehemu yake inawasha kuni za pembeni, na moto unaendelea wenyewe.

Basi moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, oksijeni na joto. Ukiondoa kimoja, moto unazimika.

JARIBIO. Tafuta mishumaa miwili mifupi, bilauri ya kioo, na chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Simamisha mishumaa juu ya sahani na uiwashe. Funika mmoja kwa bilauri, na mwingine kwa ile chupa kubwa, kwa wakati mmoja. Tazama upi unazimika kwanza. Utaona ni ule wa bilauri, maana hewa yake ni kidogo. Si lazima oksijeni yote iishe. Ikipungua kiasi tu, moto unashindwa. Tazama pia ndani ya kioo kabla hakijapata joto sana. Utaona ukungu. Hayo ni maji! Haidrojeni ya mshumaa imeungana na oksijeni. Na ukishika kisahani juu ya ndimi za moto utapata masizi. Masizi ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha, ikatoka bila kuungua.

5. JIKO LA MKAA CHUMBANI

Sasa tumefika. Kumbuka MOTO na MTOTO.

Hewa ikiwa ya kutosha, kila kaboni inapata oksijeni mbili. Hiyo ni CO2. Hewa ikiwa haba, kaboni inapata oksijeni moja tu. Hiyo ni CO, yaani kaboni monoksaidi. Atomi imepungua moja tu, lakini CO ni sumu ya kuua.

Umewahi kuona miali ya rangi ya buluu inayocheza juu ya jiko la mkaa? Hiyo ni kaboni monoksaidi inayoungua. Inafanyika hivi: hewa inaingia kwa chini, mkaa wa chini unaungua na kutoa CO2. Hiyo CO2 inapanda kupitia mkaa wa juu ulio mwekundu. Mkaa huo nao unataka oksijeni, basi unamnyang'anya mwenzake moja. Kila mmoja anabaki na moja. Hivyo inatokea CO. Ikifika juu na kukuta hewa safi na joto la kutosha, inaungua kwa rangi ya buluu na kugeuka CO2. Lakini hewa ikiwa haba, au miali ikizimika, CO inatoka jinsi ilivyo na kujaa chumbani.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanasema: "Tuliliacha jiko nje mpaka moshi ukaisha. Mkaa umekuwa mwekundu, umetulia. Sasa ni salama, tuliingize ndani." Ndugu msomaji, si salama! Moshi unaouona si ndio unaoua peke yake. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutakohoa. Hutaamka.

Inaua namna gani? Katika damu yetu kuna kitu chekundu kiitwacho himoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini, kama baiskeli inayochukua mzigo. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Baiskeli zote zimepakiwa mzigo wa bure. Ubongo na moyo vinakosa oksijeni, ingawa mtu bado anapumua.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, mwili kulegea, na usingizi mzito. Mtu anaweza kufikiri ni malaria. Basi angalia: kama watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na nyumbani kuna jiko linalowaka, fikiri juu ya hewa hii kwanza. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni na watoto wadogo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Baadhi ya watu huuliza maswali haya:

Je, nikiweka beseni la maji chumbani, sumu itaingia majini? Hapana. Kaboni monoksaidi haiyeyuki vizuri majini.

Je, nikiacha dirisha wazi kidogo? Haitoshi kwa mtu aliyelala. Usilale na jiko linalowaka, basi.

Je, mkaa ukishafunikwa majivu? Bado unaungua ndani, tena kwa hewa haba. Hiyo ndiyo hali inayotoa sumu.

Je, jenereta? Ni hivyo hivyo. Usiiwashe ndani ya nyumba, wala karibu na dirisha.

Sasa tufanye nini wakati wa baridi? Ota moto nje au jikoni penye hewa, kabla ya kulala. Jiko liache nje. Chemsha maji, tia katika chupa inayofungwa vizuri, izungushie kitambaa, weka kitandani penye miguu. Mtoto mchanga apangusiwe maji, avishwe kofia, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe wote wawili. Mwili wa mama ni jiko lisilo na sumu.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, fanya hivi:

(a) Fungua milango na madirisha. Usikae ndani, maana wewe nawe utaanguka. Ita watu.

(b) Mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi mara moja. Jiko litolewe baadaye.

(c) Usimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyomo katika damu, na mtu aliyezimia anaweza kupaliwa akafa.

(d) Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, na yuko mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, aanze kumsaidia kupumua.

(e) Mpelekeni hospitali upesi, hata kama amezinduka. Waelezeni waganga kwamba kulikuwa na jiko la mkaa. Huko anaweza kupewa oksijeni, nayo ndiyo dawa yake.

6. MAFUTA YA TAA NA PETROLI

Mafuta haya mawili yamejengwa kwa atomi za aina moja: kaboni na haidrojeni. Lakini molekuli za petroli kwa jumla ni fupi, kwa hiyo zinaruka hewani upesi. Kinachowaka kwanza si yale mafuta unayoyaona. Ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke mwingi mpaka yapate joto. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi kali. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unakwenda mbali na mahali petroli ilipomwagika, na cheche ndogo inatosha.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli. Moto ulilipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wote walijua kwamba petroli inawaka. Lakini mvuke uliowazunguka miguuni hawakuuona. Lori la mafuta likianguka, usisogee. Rudi nyuma, waite wenzako warudi nyuma, zima pikipiki, usivute sigara.

Usichanganye petroli na mafuta ya taa katika kibatari au jiko. Hata petroli kidogo inaweza kuyafanya yalipuke. Usiongeze mafuta wakati taa inawaka.

Mafuta yakishika moto katika kikaango, usimwage maji. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yatazama chini, yatachemka ghafula na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Funika kikaango kwa mfuniko au kwa sinia, ukate oksijeni. Petroli au mafuta ya taa yakimwagika na kuwaka sakafuni, yamwagie mchanga kama moto bado ni mdogo. Nguo zikishika moto, usikimbie. Kukimbia ni kuupa moto hewa. Jilaze chini ugaegae, au ufunikwe kwa blanketi zito.

MANENO MAPYA

Atomi: chembe ndogo kabisa ya elementi.
Elementi: kitu chenye atomi za aina moja tu.
Molekuli: kundi la atomi zilizoungana kwa kushirikiana elektroni.
Ioni: atomi iliyopoteza au kupata elektroni.
Kuungua: kuungana na oksijeni kwa haraka, pamoja na kutoa joto na mwanga.
Kaboni monoksaidi: hewa ya sumu inayotokea kitu chenye kaboni kikiungua katika hewa haba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu vitatu ambavyo moto unavihitaji. Ukifunika kikaango kinachowaka, umeondoa kipi?

2. Kilo 6 za kaboni zikiungua vizuri zinatoa kilo ngapi za kaboni dayoksaidi? (Tazama hesabu ya sehemu ya 4. Jibu: kilo 22.)

3. Chumvi na klorini zina tofauti gani? Kwa nini chumvi haituui?

4. Jirani anasema: "Jiko langu halina moshi, kwa hiyo nalala nalo." Mtamweleza nini? Mmoja wenu awe jirani, mwingine amweleze.

5. Katika kijiji chenu, mama aliyejifungua anawekewa jiko chumbani? Nani huliweka? Ni nani anayefaa kuzungumza naye: bibi, mkunga au mhudumu wa afya? Amueni leo, na mtu mmoja apewe kazi hiyo.

Kama nyumbani kwako yuko asiyejua kusoma, msomee sehemu ya 5 kabla ya kulala.